Kutoka Mkono wa Mnakili hadi Kiwambo cha Tarakilishi: Historia ya Kuufikia Mswada wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza historia ya namna wasomaji walivyoifikia miswada ya fasihi ya Kiswahili, hususan ile iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, tangu zama za kunakili kwa mkono hadi zama hizi ambapo picha za miswada hiyo husomwa kwenye tarakilishi. Mjadala kuhusu teknolojia ya kidijitali na maktaba umezoea kuachiwa wataalamu wa ukutubi. Wahakiki wa fasihi, kwa upande wao, aghalabu wameuona kuwa ni mjadala wa usaidizi tu: wengine hutafuta matini na kuihifadhi, nasi huipokea na kuihakiki. Mtazamo huu una kasoro ya msingi. Njia ambayo matini humfikia msomaji ndiyo huamua ni matini gani aliyo nayo mkononi, na kwa hivyo huamua pia ni maswali gani anayoweza kuyauliza.

Hoja inayoongoza makala haya ni kwamba kila badiliko la teknolojia ya kuhifadhi na kusambaza maandishi ya Kiswahili limeyajibu upya maswali mawili: nani anaweza kusoma, na ni nakala ipi itakayohesabiwa kuwa ndiyo matini. Mnakili wa Lamu aliyajibu kwa namna yake, mmishenari mwenye daftari akayajibu kwa namna nyingine, mpiga chapa na mpiga picha wa maikrofilamu vilevile. Teknolojia ya kidijitali imefungua upya maswali yote mawili kwa mpigo mmoja. Hata hivyo, tutaonyesha kwamba fursa hiyo inaweza kutuponyoka iwapo idara zetu za Kiswahili hazitawaandaa wasomaji wa miswada ambayo sasa inaonekana tena.

2.0 Chuo kabla ya Maktaba

Katika Kiswahili cha kale cha pwani ya kaskazini, neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu. Utendi wa Bwana Mwengo wa Athumani, unaojulikana pia kwa jina la Utendi wa Tambuka, uliitwa Chuo cha Herekali kwa maana hiyo. Maana ya mahali pa kufundishia ilikuja kwa kuwa hapo ndipo chuo kiliposomwa, na mwanachuoni akawa ni yule aliyelelewa katika vitabu. Historia ya neno hili yatukumbusha kwamba jamii ya Waswahili ilikuwa na utamaduni wa vitabu kabla ya majengo yenye rafu na kadi za kuazimia.

Mswada wa Utendi wa Tambuka wenye tarehe ya mwaka 1728, ulioandikwa kutokana na utunzi wa Pate, umehifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilizoandikwa Kilwa mnamo 1711, katika enzi ya Mfalme Fatima, zimehifadhiwa Goa, India, kwa sababu walioandikiwa walikuwa Wareno. Mifano hii miwili yadhihirisha jambo ambalo litajitokeza tena na tena katika makala haya: ushahidi wa kale tulio nao wa uandishi wa Kiswahili, kwa sehemu kubwa, umehifadhiwa mbali na walipo wazawa wa lugha yenyewe.

Miswada iliyobaki pwani ilidumu kwa njia ya kunakiliwa. Unyevu wa bahari, chumvi na mchwa haviruhusu karatasi kuishi miaka mingi bila matunzo, hivyo chuo kilichopendwa kilinakiliwa upya kabla hakijaoza. Vingine viliwekwa wakfu msikitini ili wanafunzi wa dini wavitumie bila kuvimiliki. Vingine vilikaa majumbani. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, ni mfano mwema wa maandishi yaliyoanza kama wasia wa nyumbani na kuenea kutoka mkono hadi mkono. Wasiojua kusoma nao hawakutengwa kabisa, kwa kuwa tendi zilighaniwa kwa sauti na wengi walizihifadhi kwa moyo. Sikio lilikuwa mlango wa maktaba hiyo isiyokuwa na jengo.

Tusiipambe hali hiyo kupita kiasi. Kusoma hati kulihitaji elimu ya chuoni, na elimu hiyo haikugawika sawa kati ya waungwana na watumwa, wala kati ya mji na bara. Isitoshe, hati zenyewe zilimtaka msomaji awe tayari anaijua lugha. Hati za Kiarabu zilivyotumiwa zamani hazikutofautisha /i/ na /e/, wala /u/ na /o/. Herufi moja iliweza kusimama kwa /b/ na /p/, nyingine kwa /f/ na /v/, na mara nyingi nazali iliyotangulia konsonanti haikuandikwa. Kwa mujibu wa utaratibu huo, penda na pinda huandikwa kwa namna moja. Fua na vua vilevile. Msomaji aliyeimudu lahaja na aliyeujua utungo kwa kuusikia hakupotea. Aliyekuwa nje ya jamii hiyo alihitaji mwenyeji wa kumwongoza. Kwa hivyo, kunakili hakukuwa kazi ya mkono peke yake. Mnakili alisoma, akaamua, ndipo akaandika.

3.0 Safari ya Miswada Ughaibuni

Katikati ya karne ya 19, Ludwig Krapf alipeleka miswada ya tendi Ujerumani. Baada yake, mwishoni mwa karne hiyo, William Taylor wa Shirika la Kimishenari la CMS alikaa Mombasa na kushirikiana na Mwalimu Sikujua, mwanachuoni wa mji huo, katika kukusanya na kufafanua mashairi. Muyaka bin Haji alikuwa amefariki karibu na mwaka 1840, na sehemu kubwa ya mashairi yake ilikuwa ikiishi vinywani mwa watu. Bila juhudi za Mwalimu Sikujua, huenda sehemu hiyo ingepotea. Taylor aliyaandika upya kwa hati za Kilatini pamoja na maelezo, na baada ya kifo chake mwaka 1927 karatasi hizo zilipitia mikononi mwa William Hichens, kisha zikawa mali ya maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika cha London, yaani SOAS.

Huko Lamu, mtu aliyekuwa kiungo kati ya miswada na wasomaji wa Ulaya alikuwa Muhamadi Kijumwa, mshairi, mchongaji na bingwa wa hati nzuri. Kijumwa alinakili tendi kwa ajili ya Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann, na baadhi ya barua zake kwa wateja hao zingalipo. Ni muhimu kuielewa nafasi yake. Kwa upande mmoja, alikuwa mrithi wa wanakili wa kale: alisoma, akachagua, akaandika. Kwa upande mwingine, alikuwa akiandika kwa malipo kwa ajili ya msomaji ambaye hakumjua kwa karibu, aliyetaka chuo cha kuweka maktabani. Nakala zake kadhaa za utungo mmoja hazilingani neno kwa neno. Mhakiki anayeshika nakala moja tu ya Kijumwa ameshika uamuzi mmoja wa mnakili huyo, uliofanywa kwa ajili ya mteja fulani.

Kutokana na miswada hiyo, yalitokea matoleo yaliyochapishwa: wasia wa Mwana Kupona, ulioshughulikiwa na Werner na Hichens (1934), Al-Inkishafi ya Hichens (1939), na Diwani ya Muyaka iliyotolewa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka huohuo wa 1940 Dammann alichapisha Hamburg tungo za lahaja ya Kiamu. Wakati huo, mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikuwa umekwisha kuamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikisimamia tahajia ya Kilatini. Mambo haya mawili yalikwenda sambamba na yanastahili kutazamwa pamoja. Tungo za pwani ya kaskazini zilichapishwa kwa hati za Kilatini katika kipindi kilekile ambapo shule zilikuwa zikiwalea vijana wasioweza kuzisoma katika hati zake za asili. Kizazi kilichofuata kilipata kitabu kikapoteza mswada.

Athari za jambo hilo kwa taaluma yetu si ndogo. Mohamed Abdulaziz alipoandaa uchunguzi wake wa Muyaka, uliochapishwa Nairobi mwaka 1979, alizitegemea karatasi za Taylor zilizoko London. Muyaka alikuwa sauti ya Mombasa, mtetezi wa mji wake dhidi ya utawala wa Zanzibar. Lakini mwanafunzi wa Mombasa aliyetaka kuyaona mashairi hayo yalivyoandikwa kwanza alihitaji pasipoti, nauli na barua ya utambulisho. Wengi wetu hatukuwa na hivyo vitatu kwa pamoja. Tulisoma matoleo yaliyochapishwa, tukayafundisha, na hatimaye tukayaona kuwa ndiyo matini yenyewe.

4.0 Katalogi na Maikrofilamu

Baada ya uhuru, juhudi za kukusanya miswada hapa nyumbani zilipata nguvu Dar es Salaam. J.W.T. Allen alichapisha mwaka 1970 katalogi ya miswada na kanda za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha huko. Katalogi hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwani ilimwezesha mtafiti kujua ni nini kilichokuwako kabla hajafunga safari. Katika kipindi hichohicho maikrofilamu ilienea. Nyaraka za Hifadhi ya Taifa ya Kenya zilipigwa picha katika miaka ya 1960 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, na nakala za filamu hizo zikawekwa huko. Kwa mara ya kwanza maandishi yaliweza kusafiri bila ya karatasi yenyewe kuondoka. Hata hivyo, filamu ilihitaji mashine ya kuisomea, mashine ilihitaji taa na vipuri, na msomaji alihitaji kuwa pale palipo na mashine.

Umuhimu wa katalogi unaonekana vizuri zaidi pale inapokosekana. Serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiondoka katika makoloni yake, iliondoka na majalada ambayo haikutaka serikali mpya ziyaone. Majalada hayo yalifichwa kwa miongo mingi, na yalikubaliwa hadharani kuwapo mwaka 2011 tu, wakati wa kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Mau Mau walioteswa katika kambi za kizuizini. Ilibainika kwamba katika jengo la Hanslope Park kulikuwa na majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, yakiwemo ya Kenya. Majalada hayo hayakuwa yamechomwa wala kupotea. Hayakuwemo katika orodha yoyote ambayo mtafiti angeweza kuisoma, na kwa miaka yote hiyo wanahistoria waliandika kana kwamba hayapo.

Miswada ya tendi haikufichwa kwa nia ya aina hiyo, wala si haki kuwalinganisha wakutubi na maofisa waliokuwa wakikwepa sheria. Kanuni iliyo chini yake, hata hivyo, ni moja: maandishi yasiyoorodheshwa kwa namna ambayo msomaji anaweza kuyatafuta ni sawa na maandishi yasiyokuwepo. Kanuni hii ndiyo tutakayoihitaji tunapoitazama teknolojia ya leo.

5.0 Picha ya Kidijitali

Mwanzoni mwa karne ya 21, SOAS ilianzisha mradi wa kuorodhesha upya miswada yake ya Kiswahili na kuiweka katalogi hiyo katika mtandao. Miongoni mwa walioifanya kazi hiyo ni Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, mwanachuoni aliyekwisha kuchapisha mwaka 1997, pamoja na P.J.L. Frankl, uchunguzi wa namna Kiswahili kilivyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Ushiriki wake hauna budi kusisitizwa. Mashine iliweza kuhifadhi picha na kuisambaza, lakini kusema mswada huu ni wa nani, ni wa lahaja gani, na beti zake zinaanzia wapi, kulihitaji mtu aliyelelewa katika utamaduni wa chuo. Nafasi aliyokuwa nayo Mwalimu Sikujua karne moja kabla yake ilikuwa bado iko wazi ikingoja mtu wa kuijaza.

Mradi wa pili unaostahili kutajwa ulifanywa Lamu kwenyewe. Mpango wa Hifadhi Zilizo Hatarini wa Maktaba ya Uingereza, ulioanza mwaka 2004, hufadhili upigaji picha wa nyaraka zilizo katika hatari ya kuharibika popote duniani, kwa sharti kwamba nakala asilia zisiondolewe nchini mwake. Chini ya mpango huo ilipigwa picha miswada ya Msikiti wa Riyadha, ule ulioanzishwa na Habib Saleh na ambao hadi leo ni kitovu cha maulidi ya Lamu. Hapa pana mgeuko wa kihistoria. Katika siku za Taylor na Dammann mswada ulivuka bahari, na aliyebaki pwani akabaki na kumbukumbu. Katika mradi wa Riyadha mswada ulibaki katika rafu yake. Kilichovuka bahari ni picha.

Sehemu kubwa ya miswada ya Riyadha ni ya Kiarabu: fikihi, sarufi, maulidi na kasida. Huenda mhakiki wa fasihi ya Kiswahili akaona kwamba haimhusu. Angekosea. Watunzi wetu wa kale walisoma vitabu vya aina hiyo kabla ya kushika kalamu. Sayyid Aidarusi aliifasiri Hamziya ya al-Busiri kwa Kiswahili. Mwinyi Mansabu aliyafasiri Maulidi ya Barzanji. Kuiona maktaba ya msikiti, pamoja na maandishi ya pambizoni, majina ya waliokinunua chuo na tamko la kukiweka wakfu, ni kuona mtunzi alisoma nini, alikipata kwa nani, na alikisoma pamoja na nani. Uhusiano wa matini na matini, ambao kwa muda mrefu tumeuzungumzia kwa nadharia, unapata hapa ushahidi wa karatasi na wino.

Kwa upande wa msomaji wa Kenya, mambo yaliwezekana kwa sababu nyingine pia. Mtandao wa KENET, unaoviunganisha vyuo vyetu vikuu, ulianzishwa mwaka 1999. Miaka kumi baadaye, 2009, mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo, mawasiliano yetu ya intaneti na dunia ya nje yalitegemea setilaiti, na kupakua picha moja kubwa ya ukurasa wa mswada kulikuwa kazi ya kungojea na ya gharama. Bandari iliyopitisha miswada ikienda ughaibuni ndiyo iliyopokea waya ulioirudisha picha yake.

6.0 Ubeti kama Ulivyoandikwa

Je, mhakiki anapata nini katika picha ambacho hakukipata katika kitabu? Tutatoa mifano mitatu.

Wa kwanza unahusu umbo la ubeti. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba utenzi una beti zenye mishororo minne mifupi, kila mmoja ukiwa na mizani nane, takriban. Maelezo haya yanaafikiana na ukurasa wa kitabu kilichochapishwa. Katika miswada mingi ya hati za Kiarabu, hata hivyo, ubeti wa utendi huandikwa katika mstari mmoja au miwili, na vipande vyake hutenganishwa kwa alama ndogo za mapambo. Jicho la msomaji wa mswada liliuona ubeti kuwa kitu kimoja kinachokwenda moja kwa moja hadi kwenye kina cha mwisho, kina kile cha bahari kinachorudiwa katika utungo mzima. Mpangilio wa mistari minne ulikuja na uchapishaji. Ikiwa ndivyo, sehemu ya istilahi zetu za arudhi imejengwa juu ya uamuzi wa mhariri na mpiga chapa. Hatusemi kwamba istilahi hizo zitupwe. Tunasema kwamba mjadala kuhusu mshororo na kipande, ambao umekuwa ukiendeshwa kwa ukali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko, una ushahidi ambao pande zote mbili hazijautumia ipasavyo.

Mfano wa pili unahusu mfuatano wa beti. Nakala za Al-Inkishafi zinatofautiana katika idadi na mpangilio wa beti. Toleo la Hichens la 1939 na lile la James de Vere Allen, lililotolewa Nairobi mwaka 1977, yote yalipitia maamuzi ya wahariri kuhusu ubeti upi utangulie upi. Mhakiki anayejenga hoja kuhusu mwendo wa utenzi huo, kutoka kwenye kumkanya moyo hadi kwenye magofu ya Pate na hatimaye kwenye moto wa Jahanamu, hana budi kujua ni wapi mwendo huo ni wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na ni wapi ni wa mhariri. Zamani kulinganisha nakala kulihitaji kusafiri London, Ujerumani na Dar es Salaam. Picha zikiwekwa ubavuni mwa nyingine katika kiwambo kimoja, kazi hiyo inawezekana ofisini Nairobi, Eldoret au Maseno. Kazi za Miehe na Vierke kuhusu Kijumwa (2010), na ya Vierke kuhusu Utendi wa Haudaji (2011), zimeonyesha ni mambo mangapi hufichuka nakala zinapolinganishwa kwa subira. Kwamba nyingi ya kazi za aina hii zimefanyiwa Ulaya ni jambo linalopaswa kutukera kidogo.

Mfano wa tatu ni wa msamiati. Kwa kuwa hati za kale haziitofautishi penda na pinda, kila neno la kutatanisha katika toleo la Kilatini ni fasiri ya mtu. Mara nyingi fasiri hiyo ni sahihi. Mara nyingine haina hakika, na kitabu hakimwambii msomaji kwamba palikuwa na shaka. Picha hurudisha shaka hiyo mbele ya msomaji na kumpa fursa ya kuiamua upya kwa kutumia ujuzi wake wa Kiamu, Kimvita au Kipate. Hapa ndipo mzawa wa lahaja hizo, hata akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamili, anapoweza kuwa na sauti ambayo profesa wa mbali hana.

7.0 Mipaka na Hatari

Pamoja na mafanikio hayo, haifai kuipokea teknolojia hii kana kwamba imemaliza tatizo. Tatizo la kwanza ni la utafutaji. Kitabu kilichopigwa chapa, kikishaingizwa katika tarakilishi, chaweza kutafutwa neno kwa neno. Mswada wa mkono kwa hati za Kiarabu haujibu kwa wepesi huo. Programu za kawaida za kutambua maandishi zimeundwa kwa ajili ya maandishi ya chapa na ya lugha zenye soko kubwa. Kwa sababu hiyo msomaji hurudishwa kwenye katalogi, na katalogi nyingi za miswada yetu zimeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani, huku majina yakiwa na tahajia zisizolingana. Mtu mmoja hutajwa kuwa Kijuma hapa na Kijumwa pale. Anayetafuta kwa Kiswahili urithi ulioandikwa kwa Kiswahili huenda asiupate, ingawa upo.

Tatizo la pili ni la udhaifu wa hifadhi yenyewe. Mwezi Oktoba 2023, Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao waliodai fidia. Maktaba ilikataa kulipa, na huduma zake nyingi za mtandaoni, pamoja na makusanyo ya miswada iliyopigwa picha, zilikatika kwa miezi mingi. Mchwa wa Lamu hula chuo kimoja baada ya kingine. Shambulio la namna hii laweza kuzifunga nakala za maelfu ya vyuo kwa usiku mmoja. Funzo lake si kwamba picha hazina thamani. Wanakili wa kale walijua kwamba chuo huokolewa na wingi wa nakala zilizotawanyika katika nyumba nyingi, na busara hiyo ingali inatufaa. Picha za miswada ya pwani ziwekwe pia Lamu, Mombasa na Nairobi, katika taasisi zinazoweza kuzitunza hata waya wa baharini ukikatika.

Tatizo la tatu ni la malipo. Picha nyingi za miswada hutazamwa bure, lakini makala za kitaaluma zinazoieleza zimo katika majarida yanayouzwa kwa bei ambayo msomaji binafsi wa Afrika Mashariki hawezi kuimudu. Chuo kikuu hulipia kwa niaba ya wanafunzi wake. Mwanafunzi anapohitimu, nywila yake hufutwa na mlango hufungwa. Mwalimu wa shule ya sekondari ya Lamu anaweza leo kuutazama mswada ulioandikwa mtaani kwake, asiweze kusoma yaliyoandikwa juu yake.

La nne, na kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote, ni la kusoma kwenyewe. Kiswahili katika shule zetu hufundishwa kwa hati za Kilatini pekee. Wanaozijua hati za Kiarabu kutokana na elimu ya madrasa huzijua kwa ajili ya Kiarabu, na mara nyingi hawajaonyeshwa jinsi zinavyobeba Kiswahili. Wanaosoma Kiswahili katika idara zetu wanakijua Kiswahili bila hati hizo. Makundi haya mawili hukutana kwa nadra. Matokeo yake ni kwamba picha zimerudi mbele ya watu ambao wengi wao hawawezi kuzisoma, na wanaoweza kuzisoma hawajaalikwa katika uhakiki wa fasihi.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya kuufikia mswada wa Kiswahili ni sehemu ya historia ya fasihi yenyewe. Mnakili aliufungua mswada kwa walioishi karibu naye na kwa walioweza kusikia ukighaniwa. Mpiga chapa aliueneza kwa wengi zaidi akiwa ameubadilisha umbo na kuuficha utata wake. Maikrofilamu iliuhifadhi kwa wachache wenye mashine. Picha ya kidijitali imeuweka mbele ya yeyote mwenye tarakilishi na mtandao, pamoja na umbo lake, utata wake na alama za mikono iliyoupitia. Imefanya hivyo wakati ambapo idadi ya wanaoweza kuusoma imepungua mno.

Kwa hivyo, jukumu lililobaki haliwezi kuachiwa maktaba za ng'ambo wala mafundi wa tarakilishi. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya zina wajibu wa kuingiza usomaji wa hati za Kiarabu za Kiswahili katika masomo ya uzamili, kwa kuwashirikisha walimu wa madrasa na wazee wa pwani wanaozimudu. Zina wajibu pia wa kuandika, kwa Kiswahili na kwa tahajia inayokubalika na wenyeji, maelezo ya miswada ambayo picha zake zimekwisha kupatikana, ili anayetafuta kwa lugha yake apate. Kazi zote mbili zahitaji watu zaidi ya fedha, na watu wenyewe wanapungua kila mwaka. Sheikh Yahya Ali Omar alifariki mwaka 2008. Picha za miswada alizosaidia kuzieleza zitadumu miaka mingi ijayo. Ujuzi aliokuwa nao wa kuzisoma utadumu iwapo tu utapata wanafunzi.